Kuku mgeni hasafiri peke yake: historia ya magonjwa ya kuku, kwa sisi tuliorudi Kalengera



Familia ikirudi Kalengera inaanza na vitu vichache: mabati ao bashi ya kufunika nyumba, jembe, mbegu ya maharagi, na kuku mmoja ao wawili. Kuku huyo ni mdogo lakini kazi yake ni kubwa. Mayai yake yanaleta chumvi na sabuni. Jogoo anauzwa wakati wa minervali ya watoto. Mgeni wa heshima akifika, mwenye nyumba haoni haya. Kwa mtu mwenye hana konti popote, kuku njo benki yake.

Sisi tunaozunguka kwenye nyumba za wanamemba tunasikia habari moja mara nyingi. Mtu alipewa kuku mdogo, mzuri, mwenye manyoya ya kung'aa. Kisha juma moja ao mbili akaanza kusinzia, akafa, na wale aliowakuta pale nyumbani wakamfuata mmoja mmoja. Hapo watu wanatafuta wa kulaumu. Mmoja anasema jirani ametia sumu. Mwingine anasema kuku wa mradi ni dhaifu. Mfadhili naye akisoma ripoti kwamba kuku wengi hawako tena, anafikiri watu waliwauza ao waliwakula.

Jibu la kweli mara nyingi liko pengine, na tunalipata ndani ya historia. Kwa karibu miaka mia moja sasa, ugonjwa mkubwa wa kuku unasafiri kwa njia ileile: unafika pamoja na kuku mgeni. Chanjo yake iko, na bei yake ni ndogo. Lakini ilitengenezwa kwa namna ambayo mtu mwenye kuku watano hawezi kuitumia peke yake. Watu wakiwa pamoja wanaweza. Ndiyo maana habari hii ina mahali pake katika gazeti la watu wanaosaidiana.

Chanjo ya kwanza ya maabara ilikuwa ya kuku

Kuku alianza kufugwa Asia ya kusini-mashariki, na ndugu yake wa porini anaishi katika misitu ya kule hata leo. Akafika Afrika kwa njia za biashara. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu amekuwa mwenyeji tangu zamani sana, na majina yake yanaonyesha hivyo: Kiswahili kinasema kuku, Kinyarwanda inkoko, Kinande engoko, Kiganda enkoko. Lugha haziwezi kufanana hivyo juu ya kitu cha jana.

Watu wengi hawajui kwamba chanjo wanazopata watoto wetu kwenye kituo cha afya zina deni kwa kuku. Mwaka 1879 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alikuwa anachunguza kolera ya kuku. Huo ni ugonjwa wa bakteria, tofauti na ile kolera ya watu iliyoua maelfu pembeni ya Goma mwaka 1994. Pasteur aliona kwamba bakteria waliokaa muda mrefu katika vyombo vya maabara walipungua nguvu. Kuku waliopewa bakteria hao waliugua kidogo tu wakapona, na baadaye hata bakteria wakali hawakuwaua. Hiyo ilikuwa chanjo ya kwanza kutengenezwa katika maabara. Ile ya kimeta ilifuata mwaka 1881, na ya kichaa cha mbwa mwaka 1885.

Kwa hiyo elimu ya kukinga kuku ni ya miaka zaidi ya 140. Swali ni kwa nini bado haijafika vizuri kwenye nyumba za Kalengera.

Ugonjwa uliopewa jina la mji

Mwaka 1926 kuku walikufa kwa wingi katika sehemu mbili za mbali kabisa: kisiwa cha Java, ambacho leo ni Indonesia, na mji wa Newcastle upon Tyne huko Uingereza. Daktari wa wanyama aliyeitwa Doyle aliuchunguza ugonjwa wa Uingereza, akaandika habari zake mwaka 1927. Alikosa jina, akauita kwa jina la mji, kwa muda tu, mpaka lipatikane jina zuri. Jina halikubadilika tena. Mpaka leo dunia nzima inasema ugonjwa wa Newcastle.

Tuangalie vizuri mahali ulipoonekana. Newcastle ni mji wa bandari, na Java ni kisiwa cha biashara ya meli. Kisha nchini Kenya ugonjwa uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1935, upande wa Mombasa, bandari nyingine, na tena mahali reli ya kwenda bara inapoanzia. Mahali watu na mizigo wanakutana, kuku nao wanakutana, na ugonjwa unapata gari.

Leo uko kila mahali na kila watu wameupa jina lao. Tanzania wanasema mdondo ao kideri. Wanaosema Kinyarwanda wanauita umuraramo, kwa sababu kuku mgonjwa anapinda shingo na kuangalia juu kama mtu anayetafuta ndege mbinguni. Waliosoma kwa Kifaransa wanaujua kama pest ya uongo ya kuku. Majina mengi, ugonjwa ni mmoja.

Kazi yake iko hivi. Ni virusi. Inatoka katika mavi, katika mate na kamasi ya kuku mgonjwa, ikaingia kwa mwenzake kupitia maji, chakula na hewa ya karibu. Inabebwa pia na viatu, kitunga, gunia, kisu na matairi ya moto. Kuku anaweza kuibeba siku mbili mpaka juma mbili, na pengine zaidi, kabla hajaonyesha kitu. Hapo ndipo hatari yote iko: siku unayomnunua anakula, anakimbia, macho yako wazi, na wewe unarudi nyumbani na furaha. Ikiingia kwenye kundi ambalo halijapata chanjo, inaweza kuua karibu wote. Dawa ya kuiponya haiko, hata kwa mwenye pesa nyingi.

Barabara yetu na kuku wetu

Kalengera iko kando ya barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Goma, ikapita Kibumba, Rugari na Rumangabo, kisha Rubare, Rutshuru na Kiwanja. Kila kitu kinapita hapa: makala, maharagi, ndizi, askari, wakimbizi, na vitunga vya kuku juu ya moto.

Historia ya barabara hii sisi wote tunaibeba. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walijaa katika kambi za Kibumba, Katale na kwingine, mpaka mwisho wa 1996 vita ilipoanza kwetu. Mwezi wa kumi 2008 Rumangabo na Rutshuru zilishikwa na CNDP. Mwezi wa saba 2012 ilikuwa M23 na Rutshuru tena. Mwezi wa kumi 2022 Rutshuru na Kiwanja zilishikwa mara nyingine, na watu wengi wa upande wetu wakalala Kanyaruchinya na katika kambi zingine karibu na Goma, juu ya mawe ya volkano. Mwezi wa kwanza 2025 Goma nayo ikashikwa, na katika mwezi wa pili kambi zikavunjwa. Wengi wakarudi kwa haraka, bila kuwa tayari.

Kila mara tulipokimbia, kuku walipata moja ya mambo matatu. Wengi walibaki, wakaliwa na wengine. Wengine waliuzwa njiani kwa bei ya kutupa. Wachache walibebwa, miguu imefungwa, mpaka kambini, wakachanganyika na kuku wa vijiji vingine kumi.

Kisha kila mara tuliporudi, sisi wote tulitafuta kuku kwa wakati mmoja. Mchuuzi anazunguka vijijini, anachukua wawili hapa, watatu kule, anawaweka katika kitunga kimoja, anafika sokoni. Mradi nao unanunua wengi kwa siku moja ili ugawaji uishe. Kuku wa vijiji vingi, waliokaa bega kwa bega siku nzima bila maji, wanagawanywa kwa nyumba nyingi kabla ya jua kuzama. Mtu angetaka kusambaza Newcastle kwa makusudi, hangepata njia bora kuliko hiyo.

Kuna pia kitu kingine tulichopoteza, na hakiandikwi kwenye ripoti. Mama wa zamani alimjua kuku wake tangu yai. Alijua mama ya kuku huyo, alijua mwaka gani ugonjwa ulipita. Akitaka mbegu mpya alipewa na dada yake ao shemeji wa kilima cha pili, ambaye hawezi kumpa kitu kibaya. Vita ilikata kamba hiyo. Sasa tunanunua kutoka kwa mtu ambaye hatutamuona tena.

Jambo la kusema bila kufichana: ugonjwa ukianza, wengi wetu tunakimbia kuuza wale ambao bado wanasimama. Ninaelewa sababu. Mtu aliyepoteza shamba mara tatu hataki kupoteza na franka za mwisho. Lakini kila kuku anayeuzwa siku hiyo anapeleka ugonjwa kwa mwenzetu mwingine, pengine memba wa shirika hili hili.

Kwa nini chanjo haikufika kwetu

Chanjo ya Newcastle inayojulikana zaidi inaitwa LaSota. Jina hilo ni la mtu, Adam LaSota, mfugaji wa New Jersey, Marekani. Virusi dhaifu vilivyotengeneza chanjo hiyo vilitoka kwa kuku wa shamba lake mwaka 1946. Inafanya kazi vizuri, na ndiyo mara nyingi tunayokuta katika farmasi za dawa za wanyama.

Lakini ilifikiriwa kwa shamba lenye kuku maelfu, umeme, na frigo. Inataka kukaa katika baridi ya digri 2 mpaka 8 tangu kiwandani mpaka kwa kuku. Kachupa kamoja kanatosha kuku mamia, pengine elfu moja, na kakishafunguliwa na kuchanganywa na maji kanapaswa kuisha kwa saa chache. Sasa mama mwenye kuku watano Kalengera atafanya nini na dozi mia tano? Na frigo atatoa wapi? Hakuna aliyemkataza mama huyo. Wakati wa kutengeneza dawa, hakuna aliyemfikiria.

Watafiti wa Australia walianza kumfikiria. Kule Queensland mwaka 1966 walipata virusi dhaifu vinavyoitwa V4, ambavyo havidhuru kuku. Baadaye Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland na wenzake walitafuta aina yenye kuvumilia joto, wakapata I-2. Hii inaweza kukaa nje ya frigo kwa siku nyingi bila kufa, ikilindwa na jua. Mbegu yake ilitolewa bila kulipisha kwa maabara za nchi maskini ili zitengeneze zenyewe. Tanzania walifanya hivyo Dar es Salaam, katika maabara ya Temeke, na chanjo yao inaitwa TEMEVAC. Unaweka tone moja katika jicho moja, na dozi ni ileile kwa kifaranga na kwa jogoo.

Mfano unaotufaa sisi zaidi ni Msumbiji. Vita yao ya ndani iliisha kwa mapatano ya Oktoba 1992. Watu zaidi ya milioni moja na nusu walirudi kutoka nchi za jirani, na wengi zaidi walirudi kutoka sehemu zingine za nchi. Walirudi kama sisi: hakuna ng'ombe, hakuna mbuzi, kuku njo mwanzo. Katika miaka ya 1990 wakaanza kutumia I-2. Kitu walichoongeza juu ya dawa ni mpangilio. Katika vijiji watu waliochaguliwa na wenzao, wanawake pia, walifundishwa kutia tone. Kila miezi minne kulikuwa na siku ya chanjo iliyotangazwa mapema, na kila mwenye kuku alilipa kidogo kwa kila kichwa ili kachupa kafuatacho kapatikane. Wanaume wa ofisi walikuwa wanadharau kuku kama mali ya wamama na watoto. Katika kazi hii wamama nao waliishika chupa.

Fundisho ni hili: dozi mia tano ni nyingi kwa nyumba moja, lakini kwa avenue nzima zinatosha tu.

Kuku mdogo akifika nyumbani: mambo ya kufanya

Sasa tutoke kwenye historia tuingie kwenye kiwanja cha nyumba. Haya yanafuata yale tuliyoyaona juu.

Kabla ya kununua. Mshike kuku mkononi, usimchague kwa macho tu. Macho yawe wazi na makavu, bila povu. Pua iwe safi. Fungua mdomo: usione utando mweupe ao harufu mbaya. Msikilize akipumua, akikoroma mwache. Gusa mfupa wa kidari. Ukiwa mkali kama kisu, ana minyoo ao ana njaa ya siku nyingi. Inua mkia: manyoya ya pale yakiwa yameshikana na mavi, mwache. Fungua manyoya chini ya bawa uangalie chawa. Uliza ametoka wapi na kama amepata chanjo. Na ukiona mmoja katika kitunga anasinzia, usinunue hata yule mzima wa kitunga hicho.

Siku ya kwanza. Amechoka na ana kiu. Mpe maji safi kwanza, unaweza kutia sukari kidogo kwa siku hiyo moja, kisha chakula. Kama bado ni kifaranga, mtafutie joto: karto yenye majani makavu, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa katika kitambaa. Usiweke mbabula ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake unaua kuku na unaua watu.

Juma mbili za kwanza. Hili njo jambo kubwa kuliko yote. Kuku mgeni akae peke yake, mbali na wenyeji kadiri kiwanja kinavyoruhusu, kwa siku 14 angalau. Ukiweza siku 21 ni bora. Kitunga kilichofunikwa ao kibanda kidogo cha miti kinatosha. Awe na chombo chake cha maji. Hudumia wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha nawa mikono na safisha viatu. Ugonjwa kama uko ndani yake, utatokea katika siku hizo, na utapoteza mmoja tu.

Kutambua ugonjwa. Kila asubuhi mwangalie kabla ya kumpa chakula. Kuku mzima anakuja mbio. Mgonjwa anasimama pembeni, manyoya yamevimba, mabawa yameanguka, macho yamefungwa. Kutoka hapo angalia alama zingine:

Mavi ya kijani, kuhema na mdomo wazi, kutetemeka, miguu ao bawa kulegea, shingo kupinda: fikiria Newcastle. Hakuna dawa. Usimuuze. Mtenge kabisa, mjulishe munganga wa wanyama na kamati ya shirika siku hiyo hiyo. Aliyekufa azikwe kwa shimo refu ao achomwe, asitupwe mtoni wala kwa mbwa.

Mavi yenye damu, kwa kuku wa juma tatu mpaka nane hivi: mara nyingi ni koksidia, kidudu cha tumbo kinachopenda udongo wenye maji. Huu unatibika. Dawa yake ya kawaida ni amprolium, inatiwa katika maji kwa siku kadhaa kama karatasi ya dawa inavyoonyesha. Toa majani ya chini yaliyolowana, weka makavu, inua chombo cha maji ili wasikichafue. Usipobadilisha majani ugonjwa utarudi.

Mavi meupe yanayoshika mkiani, kwa vifaranga wa juma la kwanza na la pili: inaweza kuwa bakteria waliotoka kwa mama kupitia yai. Munganga anaweza kuandika antibiotiki. Kuku aliyepona anaweza kubaki na bakteria, basi usimweke kwa mbegu.

Vifaranga wa kisasa wa juma tatu mpaka sita wanakufa kwa ghafla, wengi, wakiharisha maji meupe: inaweza kuwa Gumboro. Jina hilo ni la mji mdogo wa Delaware, Marekani, ambapo ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1962. Nao ni virusi, hauna dawa, una chanjo. Anayenunua vifaranga vya kisasa aulize kwa muuzaji chanjo gani zimetolewa na siku gani.

Vidonda vyeusi juu ya kilemba, mdomo na pembeni ya macho: ni ndui ya kuku. Wengi wanapona wenyewe. Paka iyodi kwenye vidonda, msaidie kula na kunywa kama macho yamefungwa, mlinde na mbu.

Kukonda bila sababu, kilemba kuwa cheupe: fikiria minyoo, chawa na utitiri. Minyoo ina dawa za bei ndogo, kama piperazini. Kwa chawa, majivu makavu katika shimo la kuogea yanasaidia sana.

Mambo matatu tunayofanya kwa nia njema lakini yanaleta hasara. La kwanza, kufungua kapsuli za tetra za watu na kuzitia katika maji kwa kila ugonjwa. Antibiotiki haiwezi kitu juu ya virusi, dozi ya kubahatisha inafundisha bakteria kuvumilia, na masalio yanabaki katika mayai tunayokula. La pili, kutegemea pilipili na aloe kwa Newcastle. Wazee wetu walijua mimea mingi yenye faida, lakini kwa huu ugonjwa hakuna mmea uliothibitishwa kuuponya. La tatu, kuchanganya chanjo na maji yaliyotiwa klorini. Maji tunayopewa na miradi ni salama kwa watu kwa sababu klorini inaua vidudu, na chanjo ya LaSota ni kidudu hai kilichodhoofishwa. Klorini inakiua. Tumia maji ya mvua ao ya chemchemi.

Na chanjo ni ya kuku mzima. Inachukua juma moja mpaka mbili ili nguvu ipatikane. Ukimpa kuku ambaye tayari anabeba ugonjwa, atakufa, na jirani watasema chanjo imemuua. Maneno hayo yanaweza kuharibu kampeni.

Kuku wengi wakifa kwa ghafla siku moja ao mbili, msile, msichinje haraka haraka. Mwaka 2017 homa ya ndege, aina ya H5N8, ilionekana Uganda na pia kwetu Kongo, katika Ituri. Inafaa wenye kazi wachukue kipimo. Nenda kwa huduma ya mifugo ya teritware, ambayo inawasiliana na inspeksyo ya jimbo.

Ombi kwa wanamemba

Ninaomba mkutano ujao ujadili mambo manne. Kwanza, kanuni ya shirika: memba haleti kuku mgeni katikati ya wenzake bila siku 14, na memba hauzi kuku kutoka nyumba yenye ugonjwa. Pili, kila kikundi cha AVEC kitenge kiasi kidogo cha mfuko wa kijamii kwa chanjo, na memba achangie kwa kila kichwa cha kuku. Tatu, kila avenue ichague watu wawili wa kufundishwa kutia tone na kuandika katika daftari: tarehe, nyumba, idadi. Nne, tupange siku za chanjo kila miezi minne, asubuhi na mapema kabla kuku hawajafunguliwa, na tuwaalike hata majirani ambao si memba. Virusi haiulizi kadi ya shirika.

Tusaidiane pia kwa hasara. Mtu aliyetoa habari mapema na kukubali kuzika kuku wake bila kuuza ametulinda wote. Kama tutamwacha arudi kwa sifuri, mara ya pili atanyamaza na atauza. Kifaranga kimoja ao viwili kutoka kwa kila jirani, mwezi ugonjwa ukiisha, vinatosha kumwinua.

Ombi kwa wafadhili

Ninyi munatupa kuku kwa moyo mzuri, na picha za siku ya ugawaji ni nzuri. Lakini mara nyingi bajeti ina mstari wa kuku na haina mstari wa siku 21 kabla ya kuku. Tunaomba hivi: punguzeni idadi ya kuku, muongeze muda. Wanunuliwe mapema, wakae pamoja mahali pamoja chini ya macho ya munganga, wapate chanjo, na wagawanywe baada ya kuonekana wazima. Wachache wakifa katika siku hizo, wamekufa kabla ya kuingia katika nyumba za watu na kuua wenyeji. Mutusaidie pia kwa sanduku la baridi, termosi, na usafiri wa chanjo kutoka Goma, maana barabara inaweza kufungwa siku yoyote.

Na katika ripoti, musituulize tu ni kuku wangapi waligawanywa. Muulize ni wangapi wako hai kisha miezi sita, na wangapi walipata tone la pili. Tukiwa na daftari za avenue tutaweza kuwajibu kwa hesabu.

Wanaopenda kufundishwa waandikishe majina kwa sekretari wa kikundi chao kabla ya mkutano. Anayejua kusoma na kuandika kidogo anatosha, na wamama wapewe nafasi ya kwanza, kwa kuwa kuku wako mikononi mwao.